Usitangaze bluu saa kumi alfajiri: namna ya kusoma matokeo ya Nebraska ukiwa Lubumbashi

Hapa Katuba, Lubumbashi, wananiita Mama Nebraska. Jina hilo nililipata alfajiri ya tarehe 4 Novemba 2020. Nilikuwa nimeinamia mbabula, nakaanga vitumbua vya kuuza, simu imeegemezwa kwenye kopo la mafuta. Nikaona kwenye kura ya rais wa Marekani jimbo la Nebraska limepakwa bluu, rangi ya Wademokrati, Joe Biden yuko mbele. Wateja wangu wa kwanza ni madereva wa teksi-basi na vijana wanaoosha magari, nami nikawatangazia kwa sauti ya mtu aliyetumwa: "Biden amekamata Nebraska!" Kufika saa nne asubuhi jimbo lilikuwa jekundu pyu, rangi ya Warepublikani. Kijana mmoja akarudi kununua vitumbua vya mia tano akauliza tu, "Mama Nebraska, ile bluu yako iko wapi?" Jina likakaa.

Tangu siku hiyo niliamua nijifunze kusoma yale matokeo kama ninavyosoma mizani ya muuza makala (mkaa), yaani kwa kutomwamini mtu. Mwaka 2024 sikudanganyika. Haya ndiyo ninayoyafanya, nawe ukitaka uyafuate.

Mtu atauliza: kwa nini Nebraska? Jimbo hilo linawapa Warepublikani ushindi kila mara. Mdemokrati wa mwisho kulishinda jimbo zima alikuwa Lyndon Johnson, mwaka 1964, na mimi sikuwa nimezaliwa. Sababu yangu ni mtoto wa mdogo wangu, aliyepata loteri ya visa, sasa yuko Grand Island, kwenye kiwanda cha nyama. Ananiambia huko ng'ombe ni wengi kuliko watu, na ni kweli: watu ni kama milioni 2 (sensa ya 2020 ilihesabu 1,961,504), ng'ombe ni zaidi ya milioni 6. Mahindi ukiyaona, anasema, utafikiri Mungu aliwapangia bukari (ugali) ya milele, halafu unaambiwa sehemu kubwa wanalishwa ng'ombe na nyingine inageuzwa mafuta ya magari. Nilipomuuliza nani atashinda, akacheka: "Mama mukubwa, huku hakuna mutu anauliza nani atashinda."

Maneno hayo ndiyo mwanzo wa somo. Kwenye jimbo la namna hii mshindi unamjua kabla hujakanda unga. Ukikesha ili umjue mshindi umepoteza mega zako za intaneti bure. Unakesha kwa ajili ya mambo mawili: pengo ni kubwa kiasi gani safari hii, na Omaha wamefanya nini.

Kwanza panga saa. Nebraska ina majira ya saa ya aina mbili, ya sehemu ya mashariki na ya magharibi, lakini vituo vyote hufungwa kwa wakati mmoja: saa mbili usiku mashariki, saa moja usiku magharibi. Kwetu Lubumbashi hiyo ni saa kumi alfajiri ya Jumatano, ambayo kwenye simu imeandikwa 4:00, maana wengi hapa tunahesabu saa kwa Kifaransa. Redio ya Kinshasa ikikutajia saa, ongeza moja. Kabla ya saa kumi lala. Mimi siwezi kulala kwa sababu ya vitumbua, wewe unaweza. Mega nunua jioni ya kabla na ujaze betri ungali na umeme. Novemba ni mwanzo wa mvua, na mvua ya kwanza ikipiga radi mtaani kwetu umeme huondoka bila kuaga.

Pili, usitafute CENI ya Marekani, yaani tume moja ya uchaguzi ya nchi nzima kama yetu, haipo. Hili lilinisumbua sana. Sisi tulipiga kura tarehe 20 Desemba 2023, tukangoja mpaka tarehe 31 CENI itangaze matokeo ya muda, halafu Mahakama ya Katiba. Kule kila jimbo linahesabu kivyake, na ndani ya jimbo kila kaunti inahesabu kivyake. Kaunti ichukulie kama teritwari zetu, ila nyingine ina watu wachache kuliko avenue yangu. Yule unayemsikia usiku huo akisema "fulani ameshinda" ni shirika la habari, hasa Associated Press, linalopiga hesabu ya kura zilizokwisha kuingia na zilizobaki, kisha linasema huyu hawezi tena kufikiwa. Halina cheo cha serikali. Hati rasmi huja wiki kadhaa baadaye, wajumbe wanaomchagua rais kwa niaba ya jimbo hukutana Desemba kwenye mji mkuu wa jimbo (Nebraska ni Lincoln, na mwaka 2024 ilikuwa tarehe 17), na Bunge la nchi hufungua hati hizo tarehe 6 Januari. Ukikuta mtu anakuambia "imetangazwa rasmi" alfajiri ile ile, mpe kitumbua anyamaze.

Tatu, elewa vikapu. Huku kwetu kura ya Katuba, ya Kasumbalesa na ya Mbandaka zote zinaingia kikapu kimoja, anayepata nyingi ndiye rais, hata bila nusu. Kule ni vikapu 51, majimbo 50 na mji mkuu wa nchi. Kila kikapu kina idadi ya wajumbe, jumla 538, anayefika 270 amemaliza. Karibu kote, anayeongoza jimboni anabeba kikapu kizima hata akiongoza kwa kura moja. Yapo majimbo mawili tu yenye tabia nyingine, Maine na Nebraska. Nebraska ina wajumbe 5. Wawili wanaenda kwa aliyeshinda jimbo zima. Watatu waliobaki kila mmoja ana kikapu chake kidogo, kwa maeneo matatu ya ubunge. Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 1992.

Eneo la 3 ndilo la mpwa wangu. Ni magharibi na katikati, sehemu kubwa ya ramani, mashamba na malisho, na Trump hupata huko takribani robo tatu ya kura. Usilipotezee muda. Eneo la 1 lina Lincoln yenyewe, mji wa chuo kikuu unaopigia Wademokrati, lakini mashamba yanayouzunguka yanaumeza, na Trump amelichukua mara zote tatu. Eneo la 2 ni Omaha. Hapo ndipo pa kukaza macho.

Barack Obama alimchukua mjumbe wa Omaha mwaka 2008, wa kwanza kwa Mdemokrati kutoka jimbo lile tangu Johnson. Mwaka 2012 Mitt Romney, Mrepublikani, akamrudisha, 2016 Trump akabaki naye. Mwaka 2020 Biden, mwaka 2024 Kamala Harris. Kwa hiyo ile alfajiri yangu ya aibu nilikuwa na ukweli kidogo mkononi: Biden kweli alipata kitu Nebraska, mmoja kati ya watano. Nilitangaza nyumba nzima wakati amepewa chumba cha uani.

Mjumbe mmoja ni nini? Mwaka 2024 aliwatoa watu jasho. Harris alimaliza na 226, Omaha ikiwemo. Angeongeza Pennsylvania (19), Michigan (15) na Wisconsin (10), angefika 270 kamili. Ondoa Omaha, ni 269 kwa 269, na suala linakwenda kwenye Bunge la wawakilishi ambako kila jimbo lina sauti moja. Ndiyo maana Septemba ile gavana Jim Pillen alitaka wabadilishe sheria haraka, kikapu kiwe kimoja. Bunge la Nebraska lina chumba kimoja tu na viti 49, hakuna jingine kama hilo Marekani, na ilihitajika sauti 33 kuvunja kizuizi cha wapinzani. Aliyekataa ni Mike McDonnell wa Omaha, ambaye miezi michache tu kabla alikuwa ametoka kwa Wademokrati akaingia Republican. Alisema haiwezekani kubadilisha muda mfupi hivyo kabla ya kura. Mimi namheshimu kwa hilo. Nimeona huku watu wanaobadilisha sheria usiku, mchana wanacheza nayo. Mwishoni haikuwa na uzito, kwa sababu Trump alizoa yale majimbo matatu yote na kufika 312. Lakini saa kumi alfajiri hakuna aliyelijua hilo.

Sasa kaye, yaani daftari. Nunua kaye ya miraba, ile ya wanafunzi wa hesabu. Andika matokeo ya nyuma kabla ya siku ya kura, kwa sababu namba ya usiku ule peke yake haisemi kitu. Ukurasa wangu wa kwanza, jimbo zima kwa asilimia, unasoma hivi:

2016: Trump 58.7, Clinton 33.7, wengine 7.6. Pengo 25.
2020: Trump 58.2, Biden 39.2, wengine 2.6. Pengo 19.
2024: Trump 59.3, Harris 38.9, wengine 1.8. Pengo 20.4.

Niliisoma mistari hii vibaya kwa muda mrefu. Nilipoona Wademokrati wametoka 33.7 hadi 39.2 nikasema, aa, watu wa Nebraska wamemkimbia Trump. Halafu angalia safu ya Trump: 58.7, 58.2. Amepoteza nusu pointi tu! Waliohama hawakutoka kwake. Tazama safu ya "wengine", kutoka 7.6 hadi 2.6, pointi tano zimeyeyuka. Mwaka 2016 kulikuwa na watu wengi waliokataa wote wawili wakampa Gary Johnson wa chama kidogo cha Libertarian au mwingine. Mwaka 2020 chombo cha tatu kilikuwa kimekauka, na kwa hesabu hii sehemu kubwa ya kilichokuwamo inaonekana kumwagikia upande mmoja. Safu ya "wengine" ndiyo watu wengi hawaiandiki, na wasipoiandika wanatunga hadithi. Ni kama mteja aliyekwenda kwa Mama wa jirani: kabla ya kusema amenichukia, niulize kwanza kama yule muuza mikate wa kona alifunga.

Kisha andika kura zenyewe, siyo asilimia tu. Trump alipata zaidi ya 556,000 mwaka 2020 na zaidi ya 564,000 mwaka 2024. Wademokrati walishuka kutoka zaidi ya 374,000 hadi karibu 370,000. Ukisikia mtangazaji anasema jimbo "limegeuka", rudi hapa: wameongezeka kama elfu nane huku, wamepungua kama elfu nne na kitu kule. Huko ni kusogea, kama mtu anayerekebisha kiti.

Saa kumi ikifika, kitu cha kwanza utakachokiona kitakuwa bluu au karibu na bluu. Usishtuke. Kura zilizopigwa mapema, kwa posta au kwa kufika ofisini, huwa zimekwisha kupitishwa kwenye mashine, kwa hiyo vituo vikifungwa tu zinaangushwa zote pamoja. Wanaopenda kupiga mapema ni wengi mijini, na Wademokrati zaidi, hasa tangu korona. Omaha na Lincoln wanajaa skrini, mashamba bado yako njiani. Mimi sasa nina kanuni ya beseni: siandiki chochote cha jimbo zima mpaka beseni la kwanza la unga liishe, na hiyo huchukua muda wa kama saa moja na nusu. Kura za Omaha naziangalia mapema zaidi, lakini hata hizo nazipa muda, kwa sababu za siku yenyewe huwa zinamvuta Mdemokrati chini.

Na usidanganywe na "asilimia ya vituo". Vituo 80 kwa mia vikiwa vimeripoti siyo kwamba kura 80 kwa mia zimehesabiwa. Kaunti ya Arthur ina watu 434 kwa sensa ya 2020. Kaunti ya Douglas, yenye Omaha, ina 584,526. Kituo cha Arthur kikimaliza kinahesabiwa kimoja kama cha Douglas. Niliwahi kuwa shahidi wa mgombea kwenye kituo kimoja hapa mjini, niliiona fomu ya matokeo ukutani kwa macho yangu mawili nikainakili, na nilijifunza kwamba karatasi kumi za vituo vidogo zinaweza kuliwa na karatasi moja ya shule kubwa. Yaliyotokea baadaye na ile nakala yangu ni habari nyingine.

Ramani nayo. Ukiitazama Nebraska ya 2020 ni bahari nyekundu yenye matone mawili ya bluu upande wa mashariki, Douglas na Lancaster. Kaunti 91 kati ya 93 kwa Trump. Mtu anayesoma rangi atasema Biden alipata labda asilimia tano. Alipata 39. Cherry, kaunti kubwa kuliko zote, ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000 na watu 5,455. Inapaka kipande kikubwa cha ramani kwa kura za mtaa mmoja wa Kenya, namaanisha Kenya yetu hapa Lubumbashi. Kwa hiyo ramani itazame mara moja kwa ajili ya uzuri, kisha ifunge, urudi kwenye kaye.

Omaha yenyewe inahitaji uangalifu wa ziada. Mwaka 2020 Biden aliongoza eneo la 2 kwa pointi 6 na nusu. Mwaka 2024 Harris aliongoza kwa pointi 4 na nusu hivi. Unashawishika kutoa moja kwenye nyingine. Ngoja. Mwaka 2021 mipaka ya eneo ilichorwa upya, ikaongezwa kaunti ya Saunders ambayo ni ya mashamba. Kikapu si kile kile. Kwa hiyo kwenye kaye yangu nimepiga mstari wa wino mwekundu kati ya miaka hiyo miwili, kujikumbusha kwamba chini ya mstari ni kikapu kingine. Ukitaka kulinganisha bila wasiwasi, tumia kaunti ya Douglas, mipaka yake haichezewi.

Safu ya mwisho ndiyo ninayoipenda, na watu wengi hawaifiki kwa sababu wameshalala: matokeo ya viti vingine kwenye karatasi hiyo hiyo. Mwaka 2024 watu wa eneo la 2 walimchagua Harris, na siku hiyo hiyo wakamrudisha bungeni Don Bacon, Mrepublikani. Yaani kuna mtu Omaha aliyekaa na kalamu akaweka alama bluu juu na nyekundu chini. Na jimbo zima likafanya kinyume chake kidogo kwenye kiti cha seneti: Dan Osborn, fundi wa mitambo aliyeongoza mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda Omaha mwaka 2021, asiye na chama, alipata asilimia 46 na nusu hivi dhidi ya Deb Fischer wa Republican. Wademokrati hawakuweka mtu. Fischer alishinda, lakini kwa pointi kama 7 wakati Trump alikuwa mbele kwa 20. Makumi ya maelfu waliompa Trump hawakumpa Fischer. Nilimsomea mpwa wangu namba hizo kwa simu, akasema pale kiwandani wengine walimtaja Osborn kama mtu wao, kwa sababu anajua mkono unauma wapi ukishinda kwenye mashine. Hakuna rangi ya ramani itakayokuonyesha hilo.

Uchaguzi mwingine wa rais ni tarehe 7 Novemba 2028, kwetu matokeo yanaanza saa kumi alfajiri ya tarehe 8, Jumatano. Kaye yangu ina kurasa tupu zinazotosha. Yule kijana wa vitumbua vya mia tano ameshaniwekea dau la kreti ya bia ya Simba kwamba Omaha itarudi nyekundu. Nimekubali, ila kwa sharti tuangalie baada ya beseni la kwanza. Mpwa wangu anasema kufika wakati huo atakuwa amepata uraia na atapiga kura yake ya kwanza, eneo la 3, kaunti ya Hall. Hakuniambia atampa nani, na mimi sikumuuliza. Nimeongeza tu mstari wa Hall.